Kiangazi, Mita na Dirisha la Magharibi

Kiangazi kilichopita kilitukuta nyumbani tukiwa na ugomvi mdogo usiokwisha. Mwenzangu aliwalaumu watoto kwa kuacha taa zikiwaka chumbani, watoto walimlaumu baba yao kwa televisheni anayoiacha ikiendelea huku yeye amelala kitini, na mimi ninayeshughulikia umeme wa nyumba niliwalaumu wote kwa pamoja, kwa sababu uniti zilizokuwa zikitutosha mwezi mzima wakati wa baridi zilikuwa zinakwisha kabla mwezi haujafika nusu. Jioni moja nilichoka na lawama, nikachukua kigoda na kwenda kuiuliza mita yenyewe.

Mita nyingi za kisasa zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu nayo pameandikwa idadi ya mipepeso inayokamilisha uniti moja. Yetu imeandikwa 1,000. Kwa mita ya namna hiyo, mtu mwenye saa mkononi anaweza kujua nyumba yake inakula wati ngapi kwa wakati ule ule: anahesabu sekunde zinazopita kati ya mpepeso mmoja na mwingine, kisha anagawanya 3,600 kwa idadi hiyo. Mita iliyoandikwa namba nyingine itampa hesabu nyingine, lakini kanuni haibadiliki.

Niliketi mbele ya mita, na mwanangu mkubwa akawa ndani akizima kitu kimoja kimoja kila nilipomwita. Mwanzoni taa ilikuwa ikipepesa kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Akazima taa sita za LED, kila moja ya wati 9, na mimi sikuona tofauti yoyote ya maana. Akazima televisheni, labda kulikuwa na tofauti, labda ni macho yangu tu. Kisha akazima kiyoyozi cha sebuleni, na ile taa nyekundu ikasita. Nilihesabu mpaka 16 kabla haijapepesa tena, na kimya kile kilimtia wasiwasi hata mwanangu, akaita kutoka ndani: "Mama, umeme umekatika huko?"

Hesabu ya baadaye ilikuwa fupi na ya kuaibisha. Zile taa sita, zikiwaka saa tano kila usiku, zinakula kama robo ya uniti. Kiyoyozi cha wati 1,100, kikifanya kazi saa nane bila kupumzika, kinakula karibu uniti 9. Kumbe miezi miwili ya kugombana juu ya swichi za taa ilikuwa ugomvi wa robo uniti. Sisemi taa ziachwe zikiwaka mchana. Nasema tu kwamba wakati wa hari kitu kinachomaliza umeme ni joto, na swali linalostahili kuulizwa kwanza ni joto hilo linaingilia wapi.

Usiku ule ule, yapata saa tatu, nilipanda juu ya meza na kuweka kiganja kwenye dari ya sebule. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa mbili zilizopita na hewa ya nje ilikuwa imeanza kupoa, lakini ubao wa dari ulikuwa na joto la shati lililotoka kupigwa pasi. Joto lile lilikuwa la saa saba mchana. Paa lilikuwa limelipokea, likalishusha kwa mnururisho hadi kwenye dari, nayo dari ikawa inatumulikia vichwani kama jiko lililogeuzwa juu chini. Kuta za tofali na zege hufanya hivyo hivyo kwa mwendo wa polepole zaidi: hunywa joto kutwa nzima na kulitema usiku, ndiyo maana mtu hukuta nje kumepoa huku ndani bado kuna tanuri. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba paa la kawaida linaweza kufikia nyuzi 66 za Selsiasi au zaidi katika alasiri ya jua kali, na kwamba paa lenye uso unaoakisi mwanga linaweza kuwa na nyuzi 28 pungufu, au hata zaidi ya hapo. Kiyoyozi kilicho chini ya paa la nyuzi 66 ni kama mtu anayekomba maji kwenye ngalawa yenye tundu.

Tulinunua rangi nyeupe ya paa, na kwa kuwa nilikosea kupima eneo, rangi ilitosha upande wa vyumba vya kulala tu. Kosa hilo liligeuka kuwa jaribio zuri kuliko ambavyo ningeweza kulipanga. Kwa muda wa wiki tatu, nyumba moja ilikuwa na paa la namna mbili, na kila usiku nilikuwa nikipanda juu ya meza sebuleni, kisha juu ya kiti chumbani, nikilinganisha kwa kiganja kile kile. Dari ya chumbani ilikuwa vuguvugu kama ukuta wa kawaida. Ya sebuleni iliendelea kuwa pasi. Tulipomaliza sehemu iliyobaki sikuhitaji tena kumshawishi mtu yeyote. Lakini rangi hiyo ina masharti yake: vumbi likitanda juu yake weupe hupungua na uwezo wake wa kuakisi hupungua pia, kwa hiyo paa linahitaji kuoshwa mara kwa mara. Asiyeweza kupaka paa anaweza kufanya kazi hiyo kwa upande wa ndani, kwa kutandaza kizuia joto juu ya dari au kufunga karatasi za foili chini ya paa. Foili ifungwe kwa kuacha nafasi ya hewa upande wake unaong'aa, kwani ikigusana na bati moja kwa moja joto hupita humo kana kwamba haipo. Matundu ya hewa chini ya upenu na karibu na kilele cha paa nayo husaidia, kwa sababu hewa ya moto iliyo juu ya dari hupata pa kutokea.

Baada ya paa, mtuhumiwa wa pili ni dirisha, na si kila dirisha. Jua la saa sita mchana liko utosini. Linapiga paa na kukwepa madirisha mengi, hasa yaliyo chini ya upenu mpana. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalokuja likiwa limeinama, likapita chini ya upenu na kuingia hadi katikati ya chumba. Dirisha la sebule yetu linatazama magharibi na lina ukubwa wa mita moja na nusu za mraba. Jua kali huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba ya uso unaolikabili moja kwa moja. Hata ukipunguza sehemu kwa ajili ya pembe ya jua na kiasi kinachozuiwa na kioo, joto linalopita hapo kuanzia saa tisa alasiri linakaribia lile la pasi ya umeme iliyowashwa na kusahauliwa katikati ya sebule mpaka magharibi. Nani angewasha pasi bure kisha akawasha kiyoyozi ili kuipooza? Sisi tulifanya hivyo kwa miaka.

Tulikuwa na pazia zito, tena lenye rangi ya kahawia iliyokoza, na kila alasiri tulilifunga tukijiona werevu. Tatizo la pazia la ndani ni kwamba linamsubiri mgeni akiwa ameshavuka kizingiti. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo bila shida, hufika kwenye kitambaa, kitambaa hunywa mwanga huo na kuanza kupata moto, kisha hutoa joto la aina ambayo kioo hakiliruhusu kupita kirahisi kurudi nje. Ukiweka mkono kati ya pazia na kioo saa kumi jioni utaelewa ninachosema. Pazia jeupe ni afadhali kwa kuwa hurudisha sehemu ya mwanga kabla haujageuka joto, lakini kivuli cha kweli kinatakiwa kiwe nje ya kioo. Wizara ile ile ya Marekani inasema kivuli cha turubai kilichofungwa nje juu ya dirisha la magharibi kinaweza kupunguza joto la jua linaloingia hapo kwa hadi asilimia 77.

Mimi nilianza na turubai kuukuu lililofungwa kwa kamba, jambo lililomfanya jirani mmoja kuuliza kwa upole kama tunahama. Baadaye nilibadilisha nikaweka pazia la mianzi linalokunjwa kwa kamba, nikaliachia nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye kioo ili hewa ipite nyuma yake na kuondoka na joto. Tangu hapo kiyoyozi cha sebuleni, ambacho tulikuwa tukikiwasha saa tisa, kikawa hakiwashwi mpaka jioni, na kuna siku ambazo hakikuwashwa kabisa. Mti uliopandwa upande wa magharibi ungefanya kazi nzuri zaidi, maana majani hutia kivuli na pia hupoza hewa kwa kutoa mvuke, lakini mti unataka miaka na mianzi ilitaka alasiri moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nililifanya kinyume kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa mwenye imani kwamba nyumba yenye joto ni nyumba iliyofungwa, kwa hiyo madirisha yangu yalikuwa wazi kuanzia asubuhi hadi usiku, kisha tulipokwenda kulala tuliyafunga yote. Nilipopata vipimajoto viwili vidogo, kimoja nikakitundika ndani na kingine nje mahali penye kivuli, nikaona upumbavu wangu kwa namba. Saa nne asubuhi ndani kulikuwa na nyuzi 27 na nje 29, nami nilikuwa nimefungua madirisha ili kukaribisha hizo nyuzi 29. Alfajiri nje kulikuwa na nyuzi 22 na ndani 28, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Siku hizi tunafungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana mara tu nje kunapokuwa na ubaridi kuliko ndani, tukiwa na nyavu za mbu na vyuma vya usalama, tunaacha hewa ipenye usiku kucha ili kuta ziteme joto lake, kisha tunafunga madirisha na mapazia asubuhi kabla kipimajoto cha nje hakijakipita cha ndani. Feni iliyowekwa dirishani ikitazama nje, huku dirisha la upande wa pili likiwa wazi, huharakisha kazi hiyo ajabu.

Utaratibu huo hauna miujiza mahali ambapo usiku haupoi. Katika hali ya fukuto, ambapo hewa ya usiku ni nzito na inakaribia joto lile lile la mchana, kufunga nyumba mchana bila kiyoyozi kunaweza kuwa mateso, na hapo upepo unaopenya kutwa ndio msaada mkubwa zaidi. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza aanze na vipimajoto viwili kabla ya kuiga ratiba ya mtu mwingine.

Kuhusu feni, maneno yangu ni machache. Feni haipozi chumba. Inampoza mtu, kwa kuondoa hewa ya moto iliyoigandama ngozi na kuharakisha jasho kukauka. Mota yake huongeza joto kidogo chumbani, kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haimpozi mtu yeyote, inakula umeme tu. Kwa upande mwingine, feni ya wati 60 ikizunguka saa nane haifiki hata nusu uniti, na kwa bei hiyo hakuna kifaa cha umeme kinachoshindana nayo. Ina mpaka wake, na mpaka huo ni wa hatari: Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike tu pale joto la hewa likiwa chini ya nyuzi 40, kwa sababu juu ya hapo inaupelekea mwili joto badala ya kuuondolea.

Kiyoyozi kinahitaji maelezo zaidi, kwanza kwa sababu ndicho kinachokula, na pili kwa sababu kimezungukwa na imani nyingi. Nyumbani kwetu imani kubwa ilikuwa ya mwenzangu: akirudi kazini anaweka rimoti kwenye nyuzi 18 ili chumba kipoe haraka. Katika mashine ya kawaida, ile ambayo kompresa yake (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) ama inawaka kwa nguvu zake zote ama imezimwa, nyuzi 18 hazipozi haraka kuliko nyuzi 26. Rimoti inaiambia mashine isimame lini, haiiambii ikimbie kiasi gani. Anayeweka 18 anaiambia isisimame, naye hulala, na saa nane usiku anaamka kutafuta blanketi. Mashine za inveta hubadilisha kasi ya kompresa, kwa hiyo zenyewe huongeza nguvu zikipewa lengo la mbali, lakini blanketi la saa nane usiku ni lile lile.

Kila nyuzi moja ina uzito wake. India ilikadiria kwamba kupandisha kipimo kwa nyuzi moja huokoa kama asilimia 6 ya umeme wa kiyoyozi, na tangu Januari 2020 imetaka viyoyozi vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Japani ilianza mwaka 2005 kuhimiza ofisi ziweke nyuzi 28 na wafanyakazi waache tai na koti nyumbani. Shirika la Afya Duniani limechukua njia ninayoipenda zaidi: weka kiyoyozi nyuzi 27 na uwashe feni, kwa kuwa feni hufanya chumba kihisike kama kimepungua nyuzi 4, na mchanganyiko huo unaweza kuokoa hadi asilimia 70 ya gharama ya umeme wa kupoza. Tulianza kwa 25, tukapanda nyuzi moja kila wiki, na tulipofika 27 tukiwa na feni ya dari hakuna aliyelalamika isipokuwa mmoja, ambaye alilalamika baada ya kuiona namba kwenye rimoti.

Halafu kuna uchafu. Katikati ya kiangazi kiyoyozi cha chumbani kilianza kunguruma usiku kucha bila kupoza, nami nikaamini gesi imekwisha. Fundi alipofika hakufungua hata kisanduku chake cha vifaa. Alinyanyua kifuniko cha mashine ya ndani, akachomoa filta mbili, akazielekeza kwenye mwanga wa dirisha, na mwanga haukupita. Vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi la sufi, la kijivu, unaloweza kulimenya kwa kidole. "Mama, mashine yako haina ugonjwa," akasema, "imezibwa pua." Kuziosha filta kwa maji ya bomba na kuzikausha kivulini kulichukua dakika 20. Kubadilisha filta iliyoziba kwa iliyo safi kunaweza kupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15, na sasa nina alama kwenye kalenda kila baada ya wiki mbili wakati wa hari. Fundi yule alituonyesha pia mashine ya nje, tuliyokuwa tumeizungushia masanduku ya vitu vikuukuu. Mashine hiyo kazi yake ni kutupa joto. Ikizungukwa inaivuta tena hewa ile ile ya moto iliyoitoa. Kivuli inakipenda, lakini nafasi ya kupumua inaihitaji zaidi.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kwa nini bomba la kutolea maji la kiyoyozi linatiririsha maji mengi kiasi kile, na jibu lake lilinifanya niweke ndoo ya lita kumi chini ya bomba usiku ule. Ilijaa kabla ya alfajiri. Maji yale yalikuwa mvuke wa chumbani uliogeuka maji kwenye koili baridi (mabomba yaliyojikunja ndani ya mashine), na kuugeuza mvuke kuwa maji si kazi ya bure: kila lita moja inamaanisha mashine imeondoa joto la takriban theluthi mbili za kilowati-saa (kilowati-saa moja ndiyo uniti moja), kabla haijapunguza hata nyuzi moja ya hewa tunayoivuta. Kwa kiyoyozi kinachoondoa wati 3,500 za joto kwa kula wati 1,100, ndoo yangu ilikuwa na uniti mbili hivi za umeme ndani yake. Hili halipaswi kushangaza mtu, kwa sababu mfumo alioubuni Willis Carrier huko Brooklyn mwaka 1902, ambao wengi wanauhesabu kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa, ulikuwa wa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapishaji ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kunywea. Starehe ya watu ilikuja baadaye.

Ndoo ile ilinifundisha kuangalia unyevu kama ninavyoangalia joto. Nguo tulizokuwa tukianika ndani kwenye kamba ya ukumbini zilikuwa zikikauka kwa kumwaga maji yake hewani, kisha kiyoyozi kikayakamua tena kwa umeme. Sasa zinakwenda nje. Sufuria inachemka ikiwa imefunikwa, mlango wa bafu unafungwa mtu akioga na dirisha lake linafunguliwa, na sakafu inapigwa deki asubuhi madirisha yakiwa wazi, wala si jioni chumba kikiwa kimefungwa. Mahali penye hewa kavu mambo hugeuka kabisa, maana huko unyevu ni rafiki: kitambaa kibichi kilichotundikwa mbele ya dirisha lenye upepo hupoza hewa kwa kanuni ile ile inayopoza maji ya mtungi. Katika hewa ya fukuto kitambaa hicho kitaongeza fukuto tu.

Jikoni ndiko nyumba inakojitengenezea joto kwa mikono yake. Chakula kinachotaka saa mbili za moto sikipiki tena mchana. Nakipika alfajiri au kwa sufuria ya presha, na wakati wa kupika mlango wa jikoni unafungwa huku dirisha lake likiwa wazi. Pasi ni hivyo hivyo: nguo za wiki nzima hupigwa kwa mkupuo mmoja asubuhi na mapema. Balbu za zamani za wati 60, ambazo sehemu kubwa ya umeme wake huwa joto, tulikwisha kuachana nazo, kwani LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana nao.

Friji ilinishughulisha zaidi. Ilikuwa imesukumwa hadi ukutani, nyuma yake kuna vumbi la miaka, na pembeni yake kuna jiko. Friji huondoa joto lililo ndani ya kisanduku chake na kulimwaga jikoni, pamoja na joto la umeme wake yenyewe, kwa hiyo anayeacha mlango wake wazi ili apate ubaridi wa jikoni anaongeza joto la chumba hicho. (Mwanangu mdogo hakuliamini hilo hadi tulipoweka kipimajoto.) Tuliisogeza mbele, tukafagia koili, tukaihamisha mbali na jiko. Kisha nikafunga mlango wake ukiwa umebana kipande cha karatasi na kukivuta: upande wa juu kilikataa kutoka, upande wa chini kikatoka bila ubishi. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa. Mpira mpya ulipowekwa, kompresa ambayo ilikuwa haipumziki ikaanza kupumzika. Ndani ya friji nyuzi 3 hadi 5 zinatosha, na kwenye sehemu ya kugandishia nyuzi 18 chini ya sifuri. Chakula cha moto kiachwe kipungue mvuke kwanza, ila kisikae nje kupita saa mbili, na siku za joto la juu ya nyuzi 32 kisizidi saa moja.

Hita ya maji ya kuoga haihitaji aya ndefu: wakati wa kiangazi tuliizima kwenye swichi kuu yake, na hakuna aliyeikumbuka.

Kuna mahali ambapo mimi sibani matumizi. Mama yangu mzazi anaishi nasi, umri umekwenda, na wazee kama yeye huweza kupatwa na athari za joto kabla wao wenyewe hawajahisi kiu. Wimbi la joto la Ulaya la mwaka 2003 liliua zaidi ya watu 70,000, wengi wao wazee. Chumba cha mama kilipewa rangi ya paa kwanza na kivuli cha dirisha kwanza, lakini siku hewa ikizidi, kiyoyozi chake huwashwa bila mjadala wa uniti, na hivyo hivyo ningefanya kwa mtoto mchanga au mgonjwa.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye kigoda changu mbele ya mita, usiku wakati kila kitu kimezimwa na friji imechomolewa kwa dakika chache. Taa nyekundu ilikuwa bado inapepesa, mara moja kila baada ya sekunde 90, maana yake wati 40 zilikuwa zinakwenda mahali. Tukaanza kuchomoa: dikoda, ambayo hata ikizimwa kwa rimoti huwa haijazimwa, stabilaiza ya friji, saa ya maikrowevu, televisheni, mwisho ruta ya intaneti, watoto wakiguna. Kisha nikasubiri gizani dakika 12 nzima mpaka mpepeso mmoja ukaja. Wati 5 zilizobaki tunadhani ni transfoma ya kengele ya mlangoni. Nimeiacha kwa sasa, kwa sababu pazia la mianzi la dirisha la magharibi limeanza kukatika kamba upande mmoja, na jua la alasiri limeshaipata nafasi hiyo.